Roboti ya waya, roboti ya betri au mpira wa kufyonza: ipi inaokota mchanga na makuti

Nahudumia mabwawa ya nyumba za wageni na hoteli ndogo za kusini mashariki mwa Unguja, kuanzia Paje mpaka Jambiani. Swali ninaloulizwa zaidi ya yote ni hili: "Fundi, roboti yangu haivuti tena, ninunue ipi?" Jibu langu huwa lile lile. Nipe nusu saa nayo kwanza. Nimeona roboti nzima ikitupwa kwa kosa la skrubu mbili, na nimeona mwenye bwawa akihangaika msimu mzima na mashine ambayo tangu siku ya kwanza haikuwa ya bwawa lake. Makosa hayo mawili yanatoka kwenye shina moja: mtu anatazama mashine, hatazami uchafu.

Kwa hiyo nitalinganisha mashine tatu ninazozitumia, lakini naanzia chini ya maji.

Uchafu wenyewe

Mchanga wa pwani yetu ni mweupe na laini kama unga wa sembe. Ni matumbawe na mwani wenye chokaa uliosagika miaka na miaka. Kusi likivuma, Mei hadi Septemba hivi, unaingia bwawani usiku kucha, na asubuhi unaukuta umelala sakafuni kwa mistari mistari kama ufukwe maji yakishakupwa. Mwingine unakuja na nyayo za wageni. Mchanga ni mzito, hauvutwi kwa mbali. Mashine lazima ipite juu yake hasa, mdomo ukiwa karibu na sakafu na maji yakipita mdomoni kwa kasi. Mvuto ukipungua kidogo tu, majani bado yataokotwa na mchanga utabaki. Ndiyo maana mchanga ndio mtu wa kwanza kukupa habari kwamba roboti inaumwa.

Makuti ni habari nyingine. Paa likishapita miaka miwili mitatu linaanza kumwaga vumbi la kahawia na nyuzi. Vumbi huelea, likilowa huzama. Nyuzi ndizo hatari, maana hazikai kwenye chujio. Hukuta mahali panapozunguka zikajisokota hapo.

Jani moja la mti wa mkungu lina ukubwa wa kiganja cha mtu mzima na zaidi, linaweza kufunika mdomo wa roboti ndogo lote. Sindano za mvinje zinapita mdomoni vizuri lakini zikifika ndani hujisuka kama mkeka.

Halafu kuna ukijani. Huu naomba uutenge kabisa. Utando wa kijani uliokufa baada ya bwawa kupigwa klorini nyingi ni chembe ndogo mno. Chujio la kawaida la roboti hushika chembe za maikroni 150 hadi 180 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), lile la laini hushuka mpaka karibu 50, na mchanga laini uko kati ya 63 na 250. Ukijani uliokufa unapita humo kama moshi kwenye makuti. Roboti inauvuta chini na kuutoa mgongoni, maji yanabaki na ukungu, na mwenyewe anaapa kwamba mashine haifanyi kazi. Inafanya kazi. Hapo ni kusawazisha maji kwanza, pH iwe 7.2 hadi 7.6 na klorini sehemu 1 hadi 3 kwa milioni, kuacha pampu kubwa na filta ya mchanga, lile tangi lenye mchanga unaochuja maji, vifanye kazi yao, na kufyonza kwa mkono ukipeleka maji nje moja kwa moja. Hakuna hata mashine moja kati ya hizi tatu ya kununuliwa kwa ajili ya ukijani.

Pima uliyonayo kabla hujalinganisha

Kusi ya mwaka jana niliitwa kwenye nyumba ya wageni yenye bwawa la mita kumi, marumaru ndogo ndogo za buluu, na banda la makuti upande wa upepo. Kijana anayelitunza alikuwa ameishaitoa roboti na kuiweka kivulini.

"Fundi, hii imekufa. Inatembea tu, haiokoti kitu. Bibi mwenye nyumba ameshachagua nyingine, ya betri, inaletwa na mgeni kutoka Dubai."

"Hebu itie majini, mdogo wangu, tuitazame mgongo."

Kipimo cha kwanza ni hicho. Roboti ya bwawa inavuta maji tumboni, yanapita kwenye chujio, yanatupwa juu kupitia tundu la mgongoni. Ukiiweka kwenye kina cha sentimita thelathini au arobaini ukaiwasha, uso wa maji juu yake huvimba kama chemchemi. Ile ilitoa viputo tu. Tena msukumo huo wa maji kwenda juu ndio unaoikandamiza roboti sakafuni na kuibana ukutani inapopanda. Kwa hiyo nikamuuliza kijana kama siku hizi inapanda ukuta. Akasema imeacha wiki tatu nyuma. Roboti ikiacha kupanda ukuta na kuacha mchanga kwa wakati mmoja, shida ni mtiririko wa maji. Ikiacha kupanda ukuta lakini mchanga inaokota vizuri, tazama brashi na mikanda.

Kipimo cha pili: toa chujio, irudishe majini dakika moja mahali pasafi, mgongo utazame tena. Maji yakivimba sawasawa bila chujio, umeshampata mkosaji. Ile ilipata nafuu kidogo, si sana. Maana yake makosa ni mawili.

Kipimo cha tatu kinataka bisibisi. Chomoa plagi ukutani, usiridhike na kuzima kitufe. Tulifungua skrubu mbili za kifuniko cha tundu la mgongoni na kuitazama impela, ile feni ndogo inayosukuma maji. Shinani mwake palikuwa na nyuzi za makuti zimesokotana na rasta ya mgeni, ya rangi ya kahawia, urefu wa shubiri nzima, imebana kama kamba iliyofungwa mdomo wa gunia. Nilizikata kwa kisu kidogo, nikazivuta kwa kibanio kipande kwa kipande. Baada ya hapo feni ilizunguka kwa kidole bila kukwama. Hapo pia unatazama mapanga yake: likiwa limevunjika moja au shina linatikisika, impela inabadilishwa, na ni spea ya bei ndogo.

Chujio ndilo lililomshangaza kijana, maana alikuwa analiosha kila siku kwa mpira wa maji, na ukilitazama ni jeupe. Tulilianika juani likauke, kisha nikamimina kikombe cha maji juu ya kitambaa chake. Maji yalikaa pale kama matone juu ya jani la mjimbi. Kitambaa kilikuwa kimeshiba mafuta ya kujipaka ya wageni na chokaa ya maji ya kisima, na maji yetu ya visima vya mawe ya chokaa ni magumu kweli. Dawa yake ni kuliloweka usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, kulisuuza, kisha nusu saa kwenye maji yenye siki ili chokaa iachie, na kulisuuza tena sana. Siki na klorini visikutane hata kidogo. Vikichanganyika vinatoa gesi inayochoma mapafu.

Siku ya pili maji ya mgongoni yalivimba, na kwenye chujio tulikuta mchanga wa kujaza sufuria. Ile roboti ya Dubai haikuagizwa.

Makosa mengine nayapitia haraka. Vilango vidogo vya mpira chini ya tumbo vikikwama wazi, roboti inaokota kisha inamwaga kila inaposimama. Dalili yake ni chungu ndogo za mchanga zilizobaki mahali ilipogeukia. Brashi ikiisha, uchafu haunyanyuliwi sakafuni, na mvuto hauwezi kufanya kazi ya brashi. Kwenye marumaru laini brashi ya plastiki ngumu huteleza hata ikiwa mpya. Inatakiwa ile ya sponji. Roboti iliyotupwa majini na hewa tumboni huelea kidogo na kugusa sakafu kwa mashaka, kwa hiyo igeuze taratibu chini ya maji mpaka viputo viishe. Waya uliojisokota huigeuza mashine pale pale, sehemu nyingine za bwawa hazifikiwi. Uanike juani umenyooka mchana mmoja.

Kuna wakati lakini roboti imekwisha kweli. Kama inazima yenyewe baada ya dakika chache kila siku, chujio likiwa safi na feni haijakwama, mara nyingi maji yameingia kwenye kisanduku cha mota. Roboti nyingi kisanduku hicho kimefungwa kiwandani, kinabadilishwa kizima, na bei yake inakula sehemu kubwa ya bei ya roboti mpya. Hapo ndipo ulinganisho unapoanza kuwa na maana.

Roboti ya waya

Hii ndiyo ninayoipenda kwa mchanga, na nitaeleza kwa nini. Inapata umeme wake mfululizo kutoka kwenye transfoma iliyo nje ya bwawa, inayoshusha umeme wa nyumbani kuwa volti 24 hadi 30 hivi. Kwa kuwa haihesabu akiba ya betri, watengenezaji huipa mota yenye nguvu, na inavuta vile vile dakika ya kwanza na dakika ya mia na ishirini. Uchafu wote unabaki ndani yake. Hauingii kwenye pampu wala filta ya nyumba.

Jambo hilo la mwisho watu hulidharau. Filta ya mchanga ikijaa inabidi ioshwe kwa kurudisha maji kinyume, na maji hayo yanamwagwa. Pampu inayosukuma mita za ujazo kumi na mbili kwa saa, ikioshwa dakika tatu, inamwaga lita 600. Mahali ambapo maji yanaletwa na boza, lita 600 kila siku mbili ni pesa inayomwagika mchangani. Roboti inapunguza sana uoshaji huo.

Umeme pia ni mdogo. Roboti ya wati 180 ikifanya kazi saa mbili na nusu inakula uniti 0.45, chini ya nusu uniti.

Udhaifu wake ni mtu. Chujio lisipooshwa kila baada ya kazi, mvuto unakufa polepole na hakuna anayegundua mpaka wageni waulize. Kama mtunza bwawa wako ni mmoja, anayefagia ua, anayepokea mizigo na anayewasha jenereta, jiulize kwa dhati kama ataliosha. Udhaifu wa pili ni waya wenyewe, mita kumi na nane kwa mashine nyingi za mabwawa ya mita kumi na mbili: watoto wanauchezea, na bwawa lenye kisiwa au ngazi katikati linauzingira. Udhaifu wa tatu ni umeme wetu wa kupanda na kushuka. Transfoma iwe kivulini, mbali na ukingo wa maji angalau mita tatu, kwenye soketi yenye breka inayokata umeme ukivuja, na kabla yake weka kile kifaa cha kulinda friji. Na mtu yeyote asiingie majini roboti ikiwa imewashwa, hata kama volti ni ndogo.

Kuhusu chujio: nyingi zinakuja na aina mbili, la wazi na la laini. Kusi likiwa kali, tia la laini, lioshe hata mara mbili kwa mzunguko. Masika majani yakiwa mengi, tia la wazi, maana la laini litaziba dakika kumi za kwanza na muda uliobaki roboti itakuwa inatembea tu. Nusu ya malalamiko ya "haivuti" niliyoyashughulikia mwezi wa Aprili yalikuwa chujio la laini kwenye bwawa la majani.

Roboti ya betri

Haina waya, haina transfoma, unaiangusha majini na kwenda zako. Kwa bwawa dogo, sakafu iliyo sawa, uchafu wa kawaida, ni raha, na kwa nyumba ambayo soketi ya karibu iko mita thelathini ndiyo jibu. Zipo za dola mia mbili na kidogo na zipo za zaidi ya elfu moja, na tofauti ya mvuto kati ya hizo mbili ni kubwa kuliko tofauti ya picha zake.

Lakini nguvu yake inagawana betri moja: kuvuta, kutembea, kupanda. Za bei ndogo mara nyingi hazipandi ukuta, mdomo wake ni mwembamba, na kikapu chake kinajaa upesi. Nilijaribu moja Jambiani wakati wa kusi. Ilikusanya vumbi la makuti vizuri sana, kuliko nilivyotarajia, ila mchanga iliupangusa tu, ikausogeza kutoka katikati mpaka pembeni.

Hesabu ya betri ni hii. Betri za lithiamu za kawaida huhesabiwa mizunguko 300 hadi 500 ya kuchaji kabla ya kushuka mpaka asilimia 80 ya uwezo wake. Nyumba ya familia inayoitumia mara mbili kwa wiki itafika huko baada ya miaka mitatu hadi mitano. Hoteli inayoitumia kila siku itafika ndani ya mwaka au mwaka na nusu. Mashine ile ile, bei ile ile, na kwa mmoja ni ununuzi mzuri na kwa mwingine ni hasara.

Ikianza kuokota vibaya, utaratibu wa kupima ni ule ule: mgongo, chujio, feni. Kinachoongezeka ni muda. Andika inafanya kazi dakika ngapi ikiwa imejaa. Ikiwa ilikuwa tisini na sasa ni hamsini, haivuti vibaya. Inazimika kabla haijamaliza sakafu, na wewe unaona nusu ya bwawa ikiwa chafu. Ichaji kivulini, ikiwa imepoa na tundu la chaja limefutwa na kukauka. Nimeona pini za chaja zimeota kutu ya kijani kwa sababu ya chumvi ya hewa tu.

Na hili la kuletewa kutoka Dubai: betri ya zaidi ya wati-saa 160 hairuhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege, na kati ya 100 na 160 inahitaji idhini ya shirika la ndege. Roboti nyingi za betri kubwa zinaangukia humo. Zidisha volti kwa ampea-saa zilizoandikwa kwenye betri upate wati-saa kabla hujamtwika mgeni wako mzigo utakaobaki uwanjani.

Mpira wa kufyonza

Hii ni mashine ya zamani, haina mota yake. Unaichomeka kwenye skima, ule mdomo wa ukingoni unaovuta maji ya juu, au kwenye tundu la kufyonzea ukutani, na pampu ya bwawa ndiyo inayovuta. Mojawapo ya zile maarufu za kujiendesha, Kreepy Krauly, ilibuniwa Springs, Afrika Kusini, mwaka 1974, na Ferdinand Chauvier, mhandisi aliyehamia huko kutoka Kongo ya Wabelgiji. Mpaka leo naona ndiyo mashine inayovumilia zaidi. Ndani yake hamna waya wala betri; vipo vipande vichache vya mpira na plastiki ambavyo fundi yeyote anaviona kwa macho.

Mchanga inauokota vizuri, mradi pampu iko imara. Gharama inakuja baadaye: mchanga ule laini unapita kwenye kikapu cha pampu na kwenda kukaa juu ya filta, shinikizo linapanda, mvuto unashuka, unarudi kwenye kuosha filta na zile lita 600. Makuti na majani yanajaza kikapu cha pampu. Kikijaa kabisa pampu inakosa maji na sili yake inaungua. Chombo cha kukamata majani kinachofungwa katikati ya mpira si cha hiari kwenye bwawa lililo karibu na mkungu.

Umeme wake unahesabiwa vibaya pande zote mbili. Pampu ya nguvu farasi moja inavuta karibu kilowati moja, kwa hiyo saa tatu ni uniti tatu. Wauzaji wa roboti hulinganisha tatu hizo na nusu uniti ya roboti. Ila pampu ile lazima ifanye kazi saa sita au nane kwa siku ili kuchuja maji hata kama hufyonzi kitu. Ukifyonza ndani ya saa hizo hizo, huongezi mengi.

Ikiacha kuvuta, usiifungue mashine kwanza. Nenda kwenye pampu, tazama kifuniko chake cha kioo. Viputo vikipita humo mfululizo, hewa inaingia mahali: kiungo cha mpira kimelegea, mpira umetoboka, maji ya bwawa yako chini ya mdomo wa skima, au oringi, ile pete ya mpira ya kifuniko, imekauka. Hakuna viputo lakini mvuto ni dhaifu? Kikapu, kisha geji ya filta, kisha valvu za njia nyingine ziwe zimefungwa. Baada ya hayo yote ndipo tazama utando wa mpira ndani ya mashine kama umechanika. Na usipime mvuto kwa kiganja kwenye tundu la ukutani, wala usiliache wazi watoto wakiwa majini. Lina nguvu ya kumshika mtu.

| | Ya waya | Ya betri | Mpira |
|---|---|---|---|
| Mchanga laini | nzuri sana, kwa chujio la laini | wastani. Za bei ndogo dhaifu | nzuri, ila filta inaumia |
| Nyuzi za makuti | zinajisokota kwenye feni, kagua kila mwezi | vile vile, feni ndogo zaidi | zinaishia kikapuni |
| Majani ya mkungu | chujio la wazi | kikapu kinajaa upesi | kwa chombo cha majani tu |
| Ukuta | ndiyo, nyingi | za bei kubwa | kidogo |
| Umeme ukikatika | inasimama, anza upya | inaendelea | inasimama na pampu |
| Maji yanayomwagwa | machache | machache | mengi |

Nani achukue ipi

Hoteli yenye bwawa la mita nane hadi kumi na mbili, karibu na ufukwe, wageni kila siku: ya waya, inayopanda ukuta, yenye vichujio vya aina mbili, na mtu mmoja aliyepewa jina kwamba chujio ni lake. Ukinunua, toa bajeti ya dola 500 hadi 1,500 kabla ya usafiri na ushuru, na ununue seti ya pili ya vichujio siku hiyo hiyo, ili moja iwe majini na nyingine iwe kwenye sabuni.

Nyumba ya mtu anayekuja mara chache kwa mwaka, na katikati anaiangalia mlinzi: mpira wa kufyonza. Mlinzi anaweza kumwaga kikapu cha pampu bila kufundishwa chochote kuhusu feni na vilango. Kama pampu ni ya zamani na dhaifu, pesa iende kwenye pampu kwanza, maana mpira mzuri kwenye pampu mbovu hautasogea.

Familia ya mjini, bwawa dogo mbali na bahari, uchafu wake ni vumbi na maua ya bogenvilia: ya betri inawatosha na nisingewashauri kutumia zaidi. Ila ukiwa na bwawa la mchanga wa pwani, betri ya dola mia mbili usinunue hata ukipewa punguzo. Nasema hivi nikiwa nimewaona watu watatu wakiinunua baada ya kuwaambia wasinunue.

Mwenye bwawa kubwa la umbo la figo na ngazi katikati ana kazi ngumu zaidi. Mimi humpa mpira kwa kila siku na kufyonza kwa mkono Ijumaa asubuhi, kabla wageni wa mwisho wa wiki hawajaingia, kwa sababu waya utamzingira na betri haitamaliza sakafu.

Dukani, kabla ya kulipa, pindua mashine tumbo juu. Gusa vilango vya chini, virudi vyenyewe. Toa chujio na ulirudishe mara mbili kwa mkono mmoja, kwa sababu kijana wako atalifanya hilo kila siku akiwa na mikono yenye maji. Tazama kama feni inafikika kwa skrubu za kawaida au imegandishwa. Kisha omba bei ya vitu vitatu: mikanda ya kutembelea, brashi, na impela. Muuzaji akikuandikia bei zote tatu hapo hapo, mashine hiyo ina spea. Akisema vitaagizwa, muulize viliagizwa lini mara ya mwisho na vilichukua siku ngapi kufika.

Yule kijana wa bwawa la marumaru za buluu sasa anakagua feni kila tarehe mosi. Wiki iliyopita alinipigia simu kuniambia ametoa uzi wa makuti wa urefu wa mkono, na kwamba vilango viwili vya chini vimeanza kuchoka. Nimeshamwagizia vingine.